Stika ya "kompresa miaka 10" haisemi unachodhani

Friji likiacha kugandisha, mteja huja dukani kwetu hapa Sinza na neno moja: waranti. Tukimwomba risiti, mara nyingi tunapewa kijikaratasi cheupe kisichosomeka. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, huchapwa kwa joto, na kwa joto la Dar maandishi hufutika kabla waranti yenyewe haijaisha. Ipige picha siku ileile ya kununua. Na kabla ya kuipokea, hakikisha imetaja kifaa chenyewe, aina na modeli. Risiti iliyoandikwa "bidhaa" tu haithibitishi kwamba ulinunua friji na si feni.

Kadi ya waranti nayo hukaa ndani ya boksi, boksi linapandishwa kwenye kirikuu, na hakuna aliyeijaza. Mwambie muuzaji alifungue palepale, ajaze tarehe, agonge mhuri, aandike na namba ya mashine. Namba hiyo utaikuta kwenye kibandiko cha nyuma au ndani ya mlango; ilinganishe mwenyewe. Zipo kampuni zinazotaka ujisajili kwa simu au kwenye tovuti yao ndani ya muda fulani. Fanya hivyo kabla hujatupa boksi, na ujumbe wa uthibitisho usiufute.

Sasa hiyo stika ya "kompresa miaka 10" iliyobandikwa kwenye friji. Miaka 10 ni ya kompresa peke yake, yaani ile pampu ya nyuma inayosukuma gesi. Friji lililobaki, kuanzia thamostati, feni na bodi hadi taa na raba ya mlango, mara nyingi lina mwaka mmoja au miwili. Kompresa ikifa mwaka wa sita unaweza kupewa nyingine bure, kisha ukalipia gesi, fundi na usafiri. Mteja huona ametapeliwa, ilhali kadi ilisema hivyo tangu mwanzo kwa herufi ndogo. Muuzaji aliyeisifia stika bila kukufafanulia hilo, mimi simtetei.

Kadi hizo hizo kwa kawaida hukataa mambo mawili. La kwanza ni umeme uliopanda na kushuka. Friji gadi, kile kifaa cha kukata umeme usio sawa, ni bei ndogo kuliko bodi, nunua. La pili ni fundi wa mtaani kufungua kabla ya fundi wa kampuni. Kwa hiyo usimwite jirani "aangalie kidogo tu" wakati waranti ingali hai.

Uliza pia waranti ni ya nani. Vifaa vingi vya Kariakoo huletwa na wafanyabiashara wenyewe kutoka Dubai, na wakala wa kampuni hiyo hapa nchini anaweza kukataa mashine ambayo hakuiingiza yeye. Hapo unabaki na waranti ya duka, nayo ina nguvu kadiri duka lilivyo tayari kuitimiza. Iwe kwa maandishi.

Na yale maneno ya "mali ikishauzwa hairudishwi"? Yanamhusu aliyebadili mawazo kuhusu rangi. Hayampi muuzaji ruhusa ya kukuuzia kitu kibovu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo atoe kitu chenye ubora unaouzika, kinachofaa kwa kazi uliyomweleza. Ila kasoro ambayo ungeiona ulipokikagua ni vigumu kuidai baadaye, kwa hiyo kiwashwe mbele yako. Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji.

Ukikataliwa, usigombane kaunta. Andika barua fupi: tarehe ya kununua, tatizo, unachotaka, yaani kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Baki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Wakinyamaza, ipeleke Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na picha ya risiti na kadi.

Kwetu kadi hujazwa mbele ya mteja, na picha yake tunamtumia WhatsApp kabla mzigo haujapakiwa. Kama ulinunua kwingine na huelewi kadi yako imeandika nini, ilete. Kuisoma hatutozi.