Lusajo, jiko hilo litoe nje

Kyela, Juni

Mwanangu Lusajo,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi hatujambo, baba yako na miguu yake, Gwakisa na pikipiki yake. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ukishasema "ndiyo mama, ndiyo mama" mtandao unakatika, nami nabaki sijui kama umesikia au umeitikia tu. Karatasi haikatiki. Isome ukiwa umekaa, na uisome yote, usiruke kwenda kwenye habari za kakao.

Ulimwambia dada yako Atupele, tena kwa furaha, kwamba umepata dawa ya baridi ya Makete. Jioni unawasha mkaa, ukimaliza kupika unaliingiza jiko chumbani, unaziba chini ya mlango kwa blanketi kuukuu, dirisha umeshalipiga nailoni, na chumba kinakuwa na joto kama uko Kyela. Atupele alicheka akanisimulia. Mimi sikucheka. Wiki hiyo hiyo redio ilikuwa imetangaza watu waliolala na jiko ndani, asubuhi majirani wakavunja mlango. Sikulala usiku ule, na baba yako shahidi, maana nilimwamsha naye asilale.

Yaliyotokea chumbani kwa bibi yako Tukuyu unayajua, siyaandiki. Na aliyeliingiza jiko mle ndani unamjua pia. Kwa hiyo usiniambie kwamba mama ana hofu za wanawake.

Kesho yake nilimfuata nesi pale zahanati nikamwuliza vizuri, ili nisikuandikie maneno ya sokoni. Akasema hivi: mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha unatoa hewa ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Watu wanaogopa moshi, wanasubiri moshi uishe ndipo waingize jiko ndani, wakati mkaa mwekundu usio na moshi hata kidogo ndio unaoua. Hewa hiyo ukiivuta inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa safi. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, miguu inakuwa mizito, usingizi unakuja. Na aliyekwisha lala hasikii hata hayo. Ulimwambia Atupele kwamba asubuhi unaamka kichwa kizito ukadhani ni mafua ya baridi. Mafua gani yanaisha ukitoka nje kunawa uso?

Litoe nje hilo jiko. Leo, siyo ukimaliza gunia la mkaa.

Sasa kuna jambo jingine, na kwangu mimi ni lile lile. Ulisema jirani yako ni bibi mmoja mzee, kila jioni anakuja hadi mlangoni, anasema Kikinga kirefu huku ananyoosha fimbo kuonyesha ndani ya nyumba, nawe unamwitikia kwa heshima, "asante bibi, asante bibi," naye anaondoka akitikisa kichwa. Mkacheka wewe na Atupele kwamba labda anataka kukuoza mjukuu wake. Lusajo, umemwuliza mtu yeyote bibi huyo anasema nini? Fimbo inaonyesha nini mle ndani? Kitabu chako cha ibada? Bibi aliyezaliwa kwenye baridi hiyo na kuzeekea hapo anakuja kila jioni, saa ile ile unapoingiza jiko, na wewe unamshukuru! Mimi niko huku ziwani, Kikinga sikijui hata kidogo, lakini nadhani nimemwelewa kuliko wewe uliye mlangoni pake.

Mtafute mzee wa kanisa kesho, nenda naye kwa bibi, akutafsirie. Usimtume mtoto kuuliza. Nenda mwenyewe, uchuchumae umsalimie kwa adabu kama tulivyokufundisha, hata kama wao hawasalimiani hivyo. Adabu inaonekana tu.

Najua utanijibu kwamba kazi inakwenda vizuri, kwamba Jumapili unahubiri Kiswahili na mzee wa kanisa anatafsiri, na kwamba vijana wote wanajua Kiswahili. Vijana gani? Vijana wa Kikinga wako Kariakoo, wako Mwanjelwa, wako Makambako, wana maduka. Waliobaki kwenye mabenchi yako ni bibi zao. Na bibi hao usiwachukulie hivi hivi. Wilaya hiyo UKIMWI uliipiga vibaya, wewe ulikuwa hujui hata kusoma. Wazee walizika watoto wao, wakalea wajukuu peke yao kwa viazi na ngano. Mtu wa namna hiyo akitaka kuomba usiku haombi kwa Kiswahili. Na akitaka kumweleza mwinjilisti kitu kinachomsumbua, hawezi kukieleza mbele ya mtafsiri ambaye ni shemeji yake.

Baba yako anataka nikuandikie historia, unamjua. Anasema wamisionari wa Berlin walifika huku kwetu mwaka 1891, na kabla miaka mingi haijapita walikuwa wameshapanda milima kwenda Ukinga, Bulongwa na Tandala. Mwaka 1905 Mjerumani mmoja akawa ameshatoa kitabu kizima cha sarufi ya Kikinga. "Mwambie," anasema, "Mjerumani!" Na kweli, mwanangu, wewe ni mtoto wa hapa chini. Milima hiyo ya Livingstone tunaiona asubuhi tukifagia uwanja. Kinyakyusa na Kikinga ni lugha za jirani, ingawa najua jirani naye ana yake: neno utalisikia kama la kwetu, kumbe wao wanamaanisha mengine. Hiyo ndiyo shida yako hasa, siyo kwamba huwezi. Tangu mdogo hupendi kukosea mbele za watu. Shuleni ulikuwa unanyamaza hadi uwe na hakika, halafu ndipo unanyoosha mkono. Lugha haijifunzwi hivyo. Utakosea, watoto watakucheka, bibi watashika mbavu, na wiki inayofuata watakuja wengi zaidi kukusikia unavyokosea. Siyo mbaya, kanisa litajaa.

Baba yako anasema Agano Jipya la Kikinga lipo. Liombe usharikani, usilisome peke yako chumbani. Lisome kwa sauti mbele ya wazee, somo la Jumapili inayokuja, wakusahihishe. Mtu aliyekusahihisha somo siku ya Alhamisi hawezi kukosa kanisani Jumapili, atataka kuona kama umeshika.

Na nenda mashambani. Umeandika kwamba unafanya ziara za nyumba kwa nyumba kuanzia saa nane mchana. Saa nane nani yuko nyumbani, kama siyo wagonjwa? Nenda nao kwenye viazi asubuhi, chukua jembe, hata pareto nimesikia wanalima, ukawasaidie kuchuma. Misibani usiende kuhubiri tu ukaondoka. Kaa, kata kuni, lala matangani. Wakikupa ulanzi unajua kazi yako inasemaje, kataa kwa upole na usitoe somo. Lakini viazi wakikupa, kula. Atupele anasema umelalamika viazi asubuhi, viazi jioni. Wewe uliyekuwa unaacha ndizi kwenye sahani yangu ukidai wali! Kula.

Kuhusu baridi yenyewe sisemi kwamba ni uongo. Mwalimu wa jiografia hapa jirani amenieleza: ziwa letu liko chini ya mita 500, na huko kwenu mnaishi juu ya mita 2,000. Anasema Juni na Julai sakitu inalala juu ya majani hadi jua litoke, viazi vinaungua kwa baridi. Kwa hiyo nimekununulia sweta mbili za mtumba, nzito, moja ina picha ya farasi lakini ukiivaa ndani haionekani. Soksi za sufu. Blanketi moja, lile la kijivu la baba yako, usimwandikie kumshukuru maana hajui bado. Chupa ya mpira ya kuwekea maji moto nimeipata Mbeya mjini. Jaza maji moto lakini yasichemke, funga kizibo vizuri, uizungushie kitambaa, weka miguuni. Hiyo inalala na mtu bila kumdhuru. Jiko halilali na mtu.

Na ukitaka kuota moto jioni, kaote jikoni kwa huyo bibi. Majiko ya kule, nasikia, yako kando ya nyumba kubwa na moshi una pa kutokea. Beba kuni zako, usiende mikono mitupu. Kaa pale hadi uchoke, msaidie kumenya viazi vya kesho, umwulize kila kitu kinaitwaje. Joto liko hapo, na Kikinga kiko hapo. Halafu urudi kwako ulale chini ya mablanketi, jiko likiwa nje limezimwa. Nailoni ya dirishani toa upande mmoja, hata wa juu. Nimesema limezimwa, siyo limefunikwa na majivu.

Nisikufiche, siku ile ulipoingizwa kazini watu wa hapa walinipa mikono hadi kiganja kikaniuma. Mama mchungaji alisema, "Huyu wenu ameomba mwenyewe kupelekwa mbali." Sikumjibu. Nilikuwa nimetaka uombe Tukuyu, au angalau Rungwe yoyote, nije na basi la asubuhi nirudi jioni. Ulijua, ndiyo maana ulinieleza mwishoni, ukishapewa barua. Sawa. Mungu amekutuma, mimi ni nani. Lakini kama umeomba mwenyewe kwenda kwenye baridi, basi uijue baridi hiyo kama wenyeji wanavyoijua.

Habari za nyumbani. Mpunga umevunwa, umetoka wa kutosha ingawa bonde la chini maji yalikaa sana na mistari kadhaa ilioza. Nakutumia mchele ndoo moja, usile peke yako, mpikie bibi siku moja aone mchele wa Kyela unavyonukia. Usipa waliokaushwa wako kwenye mfuko wa juu, nimewafunga mara mbili kwa ajili ya sweta.

Kakao: bei siyo ile ya mwaka 2024 iliyowatia watu wazimu hadi wengine wakanunua pikipiki kabla ya kupeleka mzigo mnadani. Gwakisa ni mmoja wao, na wewe ulimtetea. Pikipiki imeshaanza kutoa moshi mweupe. Baba yako anabishana na viongozi wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kuhusu mizani, anasema uzito wa nyumbani na wa ghalani haufanani, nami namwambia kakao haijakauka vizuri, tumenuniana. Anataka kukata ile mikakao mizee ya kule mtoni apande miche mipya. Mwandikie wewe asikate yote kwa mara moja, mimi hanisikii.

Ng'ombe amezaa ndume. Paa la jikoni kwetu limeoza upande wa mwembe, tunangoja mnada ujao tununue bati. Mtoto wa Atupele anaingia mafundisho ya kipaimara na ameshasema ni lazima wewe uwepo siku yake. Sikumwahidi, najua ruhusa ni ya mchungaji wako, lakini omba mapema. Usiombe wiki ya mwisho kama kawaida yako.

Mzigo huu naupeleka Mbeya stendi na kumkabidhi kondakta wa basi la Makete. Sijui atapita Chimala na zile kona 57 za kupanda Matamba au atazunguka Njombe kwenye lami. Vyovyote, nimeandika jina lako na la mtaa wako kwa kalamu ya wino mzito. Shuka mapema, usimtume mtu.

Ukipata mtandao nitumie ujumbe wa mambo mawili: bibi alikuwa anasema nini, na jiko liko wapi usiku. Mengine yatasubiri.

Ni mimi mama yako.

Ndoo ya mchele ni ya umoja wa wanawake, nimeiazima bila kumwambia mwenyekiti. Ina alama ya rangi nyekundu chini. Ukishamimina mchele mrudishie kondakta yule yule, tena na kifuniko chake.