Onyo la njia ya faili si virusi: usikubali kompyuta yako ifomatiwe

Mhasibu wa chama cha msingi alifika dukani kwetu hapa Mtwara mjini akitokea Newala, kompyuta mpakato kaifunga ndani ya kanga kwa sababu ya vumbi. Kila jioni, programu yake ya kutunza nakala za kumbukumbu za mizani ilimwandikia maneno yanayoanza na cygwin warning, kisha MS-DOS style path detected. Fundi mmoja alikwisha mwambia hao ni virusi, dawa ni kufomati, yaani kufuta diski yote na kuanza upya. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kilo za korosho za kila mkulima wake, msimu mzima.

Ndugu mteja, tafadhali usifomati. Cygwin ni mkusanyiko wa zana za Unix, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, zinazofanya kazi ndani ya Windows, na ujumbe huo unasema jambo moja tu: umeandika njia ya faili, yaani anwani ya mahali ilipo, kwa mtindo wa Windows, wakati zana hizi zimezoea mtindo wa Unix. Windows huandika C:\Mizani\leo.csv. Cygwin hupenda /cygdrive/c/Mizani/leo.csv. Tofauti hiyo ni ya zamani. MS-DOS, mfumo uliotangulia Windows, ilipoanza kutumia folda mwaka 1983, mkwaju wa kawaida (/) ulikuwa tayari una kazi nyingine kwenye amri zake, ndipo folda zikapewa mkwaju wa kinyume (\).

Mara nyingi kazi hufanyika vizuri licha ya onyo. Faili alizonakili mhasibu wetu kwa amri ya cp zilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa mstari uliofuata, na hapa naomba usome taratibu.

Baada ya cp, programu iliita tar ili ifungashe faili zote na kuziweka kwenye flashi, diski D. Zana ya tar ikiona alama ya nukta mbili (:) katika jina la faili la kufungashia, hudhani herufi iliyotangulia ni jina la kompyuta nyingine ya mbali. Kwa hiyo kila jioni ilitafuta kompyuta iitwayo D, ikaikosa, ikakata tamaa. Kosa hilo liliandikwa wazi, lakini chini ya maonyo ambayo alikwisha zoea kuyapita. Flashi ilikuwa tupu, na nakala za cp zilikuwa kwenye diski ileile ya C. Angefomati, vyote vingekwenda. Nilipoifungua flashi ile mbele yake tulinyamaza wote wawili.

Rsync, zana nyingine ya kunakili faili, nayo hukosea kwa namna hiyohiyo. Na ukiandika njia ya Windows moja kwa moja kwenye bash, dirisha la kuandikia amri, bila alama za nukuu, mikwaju ya kinyume humezwa: C:\Mizani\leo.csv inageuka C:Mizanileo.csv, faili ambayo haipo.

Kurekebisha si kazi kubwa. Iulize Cygwin yenyewe:

cygpath -u 'C:\Mizani\leo.csv'

Itakupa njia sahihi, nawe uiweke kwenye programu yako. Jina la folda likiwa na nafasi, zungushia alama za nukuu. Zipo njia nyingine za kutumia zana kama hizi ndani ya Windows: wanaotumia Git Bash wataandika /c/Mizani, na wa WSL /mnt/c/Mizani.

Kuna wanaoweka CYGWIN=nodosfilewarning ili onyo lisionekane tena. Inaruhusiwa, na matoleo mapya ya Cygwin huja yakiwa kimya tayari. Sisi hatumwekei mteja mpangilio huo kabla ya kusahihisha njia zote, kwani ukimya haujazi flashi.

Ukija kwetu, njoo na kompyuta, flashi unayotumia, na picha ya skrini yote hadi mstari wa mwisho. Usifute chochote kwanza. Tutaifungua nakala yako ukiwa umekaa hapo, uhesabu mwenyewe faili zako kabla hujapanda gari la kurudi.