Magoti mazima nayo yapimwe yakitembea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na magoti ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kurasa za afya huandika sana kuhusu goti linalouma, ila goti zima linavyokwenda hazielezi. Sasa ubovu tutaupima kwa kulinganisha na nini?

Mgonjwa akilala kitandani, humkunja goti na kulipima kwa goniometa, yaani kifaa cha kupimia pembe ya kiungo. Likifika nyuzi 130 sote tunafurahi. Akishuka na kutembea, goti lilelile linakwenda limekakamaa kama gongo. Kipimo cha kitandani hakikudanganya. Kilijibu swali jingine.

Kwenye mwendo, kisigino kinapotua goti huwa karibu limenyooka. Uzito ukiingia tu, hukunjika nyuzi 15 hadi 20 hivi ili kupokea kishindo. Hapo ndipo macho yangu hukaa, maana mwenye maumivu au mwenye misuli dhaifu ya mbele ya paja huukwepa mkunjo huo mdogo. Baadaye goti hunyooka tena mwili ukipita juu ya mguu, na mguu ukiwa hewani hukunjika hadi nyuzi 60 hivi, vidole visikwaruze chini. Yote hayo huisha kwa sekunde moja hivi, na jicho halifui dafu.

Ndiyo maana maabara za kupima mwendo hubandika vidoto vinavyoakisi mwanga pajani na kwenye ugoko, kamera zikavifuata. Kukunja na kunyoosha hupimika vizuri. Muundi, yaani mfupa wa ugoko, kujizungusha, au goti kuyumba pembeni, ni shida: mwendo wenyewe ni nyuzi chache, na ngozi huteleza juu ya mfupa kiasi cha kuuficha. Wako watu wenye afya zao waliokubali kupachikwa pini mifupani wakatembea nazo, ili mfupa wenyewe upimwe. Nawavulia kofia.

Linaloniuma zaidi ni suala la kasi. Ukitembea polepole, mkunjo wa goti lako hupungua hata kama goti halina tatizo lolote. Hata hivyo hunifikia ripoti zinazomlinganisha mzee wa mwendo wa taratibu na kijana anayekaza hatua, kisha mzee anaambiwa goti lake lina kasoro. Mama mmoja alinijia na ripoti ya namna hiyo, amekata tamaa. Nilimwomba binti yake, asiye na maumivu yoyote, atembee sambamba naye kwa hatua zilezile, nikawarekodi kwa simu kutoka ubavuni. Tulipoisimamisha video mguu ukiwa hewani, goti la binti nalo lilikuwa limekunjika kidogo tu, karibu sawa na la mama. Kumwita mama yule mgonjwa kwa kipimo kile hakukuwa haki.

Ombi langu kwa wenzangu ni tuwapime pia wanaosindikiza wagonjwa, wakiridhia: vijana kwa wazee, wanawake kwa wanaume, kwa mwendo wa taratibu, wa kawaida na wa haraka. Kamera ikae kimo cha goti, mtu apite mbele yake bila kupinda, na kasi iandikwe kando ya kila kipimo. Na mwandishi wenu wa afya akitaka kuchora mkunjo wa goti hatua kwa hatua kwa ajili ya wasomaji, niko tayari kukaa naye.

Wenu,
Mtaalamu wa fiziotherapia