Wauza dawa, angalieni kidonda kwanza ndo mtoe tyubu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili la krimu za vidonda maana limenikaa rohoni.

Naishi Mbagala, mwanangu ana miaka minne, mwezi uliopita alitokwa vijipele chini ya pua, vikapasuka vikafanya gamba la njano kama asali iliyogandia, kesho yake kidevuni, keshokutwa sikioni. Bibi yake akafungua kapsuli ya rangi mbili, zile za antibaiotiki, akamnyunyizia ule unga, mi nikakimbilia duka la dawa hapo mtaani, yule kijana wala hakutaka kumwona mtoto na nilikuwa nimembeba mgongoni, akanipa tyubu akasema hii mama inatibu kila kitu. Siku tatu wekundu ukapoa nikamshukuru Mungu, wiki haijaisha vidonda vimerudi mpaka mapajani.

Zahanati daktari akanisomea yale maandishi madogo kwenye tyubu, kumbe mna antibaiotiki (dawa ya kuua bakteria), dawa ya fangasi na betamethasoni humohumo. Hiyo betamethasoni ni steroidi, inatuliza wekundu na muwasho unadhani kidonda kinapona kumbe kinga ya pale kwenye ngozi imeshuka na bakteria wanaendelea kujitanua, na ukizoea kuipaka ngozi inakuwa nyembamba.

Ugonjwa wenyewe ni impetigo, bakteria wake ni stafilokokasi au streptokokasi. Vidonda vikiwa vichache unaosha magamba na sabuni na maji ya uvuguvugu, unapaka krimu ya antibaiotiki peke yake, mupirosini au asidi ya fusidiki, kwa siku alizokuandikia daktari na unamaliza hata kama pameshakauka, taulo lake peke yake, kucha unakata. Wa kwangu vilishasambaa ikabidi anywe dawa, na nikaambiwa wiki zinazofuata nimwangalie, uso ukivimba au mkojo ukiwa rangi ya chai nimrudishe haraka sababu streptokokasi ya ngozi inaweza kuja kumletea mtoto ugonjwa wa figo. Mhariri, nilikuwa naamka usiku kumwangalia uso!

Sasa mi nauliza, antibaiotiki ni dawa za cheti, inakuwaje tunapewa kama pipi? Hiyo mupirosini hospitali wanaitumia mpaka kusafisha pua za wagonjwa kabla ya upasuaji ili stafilokokasi wasiingie kwenye kidonda, sisi tukiipaka kwenye kila chunusi bakteria watazoea, halafu hao wagonjwa watapakwa nini? Na mashilingi ni fangasi, upele ni wadudu wanaochimba ngozi, antibaiotiki haiwagusi kabisa (ila mtoto akijikuna upele bakteria wanaingia, ndo maana lazima mtu aangalie).

TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanaokagua maduka ya dawa naomba walisimamie hili la kuuza bila kuangalia. Na nyie Mhariri mkiweza toeni picha za impetigo, mashilingi na upele kwenye ukurasa mmoja, zikiwa kwenye ngozi nyeusi kama zetu, nitaikata niibandike pale kliniki ya watoto wamama waione wakiwa kwenye foleni.

Mama wa Mbagala, Dar es Salaam