Risala ya Kikundi cha Akina Mama Wanaougua Saratani ya Matiti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Saratani Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa. Madaktari na wauguzi mliopo. Viongozi wa dini. Ndugu zetu mnaotuuguza. Mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kuifikia tarehe 4 Februari tukiwa hai, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia mwaliko wa akina mama ambao wengi wao bado wako kwenye matibabu. Tangu asubuhi tumehimizwa kujichunguza matiti na kuwahi hospitali, nasi tunaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Risala hii, hata hivyo, inahusu hatua inayofuata, yaani siku majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yanaporudi na uamuzi wa tiba unapofanyika, huku mwenye mwili akiwa kwenye benchi nje ya mlango.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwenzetu mmoja ni fundi cherehani. Katika hospitali aliyotibiwa, mazungumzo yote kuhusu upasuaji yalifanyika koridoni kati ya daktari na shemeji yake. Yeye aliletewa fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza akiwa amekwisha kuvalishwa gauni la chumba cha upasuaji, akaambiwa aweke dole gumba. Alipozinduka titi halikuwepo, na wino wa zambarau ulikuwa bado haujafutika kidoleni. Hatusemi kwamba upasuaji ule haukustahili. Huenda ndio uliomwokoa. Tunachosema ni kwamba hakuna aliyemweleza kuwa pamoja na titi zingetolewa tezi za kwapani, na kwamba zikishatolewa mkono unaweza kuvimba, pengine baada ya miezi, pengine baada ya miaka. Leo hawezi kukaa kwenye cherehani zaidi ya nusu saa. Angelijua hilo mapema, angeanza mazoezi ya mkono tangu mwanzo, na siku bangili ilipoanza kumbana angerudi hospitali badala ya kuivua na kuiweka kabatini. Daktari aliujua ugonjwa vizuri, lakini kwamba mkono ule ndio unaolisha watoto wanne alikuwa akijua mgonjwa, naye hakuulizwa.

Wapo kati yetu walioulizwa, na kwao tumeona kwamba jambo hili linawezekana. Daktari mmoja, ambaye tunamwombea dua hadi leo, alichora titi nyuma ya karatasi ya maabara na kumwonyesha mwenzetu njia mbili: kutoa titi lote, au kutoa uvimbe peke yake na kisha kupigwa mionzi. Alimweleza kuwa wanawake waliofuatiliwa kwa miaka 20 nchini Italia na Marekani, katika tafiti ambazo matokeo yake yalitolewa mwaka 2002, walionyesha kwamba saratani ikigunduliwa mapema, uhai wa walioenda njia ya kwanza haukupishana na wa walioenda njia ya pili. Kisha akamuuliza swali ambalo vitabu haviwezi kulijibu: Dar es Salaam utafikia kwa nani? Mionzi hupigwa siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa, na mama huyu alikuwa na mtoto mchanga, wala hakuwa na ndugu karibu na Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Akachagua kutolewa titi. Mwingine, aliyekuwa na dada yake Temeke, huko huko Dar es Salaam, alichagua kubaki nalo. Kila mmoja aliamua kwa kujua, na hakuna kati yao anayejuta.

Tunafahamu kwamba wengi wetu tunafika hospitali tumechelewa, na hapo njia hupungua. Hata hivyo haziishi zote. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwa nini anaanza na kemo, yaani dawa za kuua saratani, kabla ya kisu, kama dawa hizo zinaweza kumzuia kuzaa, na, tiba ikifika mwisho wa uwezo wake, kama anataka kuendelea na dripu au kurudi nyumbani kwa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso, akiwa na mofini ya kutuliza maumivu na wanawe wakiwa karibu. Hapa lawama nyingine ni yetu wenyewe, kwa kuwa ni familia zetu zinazomwambia daktari, "Msimwambie, atakufa kwa mawazo." Aliyefichwa huwaza zaidi. Mgonjwa anayependa kaka yake aamue kwa niaba yake aachiwe afanye hivyo, ila aseme hivyo kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba fomu ya ridhaa katika hospitali za mkoa wetu iwe ya Kiswahili, na mgonjwa aipate siku kadhaa kabla ya upasuaji ili aisome, au asomewe, akiwa amevaa nguo zake. Tunaomba pia kwamba madaktari wakishakaa kikao juu yake, mmoja wao amrudie na kumweleza mbele ya mtu aliyemchagua mwenyewe. Tunajua kliniki zina foleni na madaktari ni wachache. Ndiyo maana wanachama wetu kumi na wawili wamejitolea kukaa kwa zamu siku za kliniki pamoja na wagonjwa wapya, wawasaidie kuandika maswali kabla hawajaingia kwa daktari. Tunachohitaji ni kibali chako, benchi moja na kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.