Asante, kijana wa mkokoteni

Wewe uliyepita mtaa wa Umoja, Nairobi, Jumamosi ile ukiita "chupa, vyuma kuukuu!", asante. Ilikuwa siku yangu ya 41 bila pombe, nimepiga moyo konde kusafisha nyumba. Ulipanda orofa ya nne mara sita kushusha magunia. Nyuma ya jiko la gesi ukatoa chupa iliyobaki nusu. Uliniona mikono ikitetemeka, hukuuliza kitu. Uliimwaga kwenye sinki, ukafungulia maji mpaka harufu ikaisha. (Maji yenyewe ya mgao, lakini hayo niliyasamehe.) Ukanihesabia shilingi 210 za chupa, ukasema, "Dadangu, nunua hata pazia." Nimelipata soko la Gikomba, la kijani. Rundo lililoziba dirisha halipo tena. Asubuhi jua linafika hadi kitandani.