Fatuma, kura yako usiiache

Brooklyn Park, Minnesota

Dada yangu mpendwa Fatuma,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Nadia na kwa Nadia mwenyewe. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama kifua kimempoa, ameanza tena kugombana na majirani juu ya theluji wanayoisukumia kwetu, basi ujue afya imerudi.

Ile sauti uliyonitumia kutoka Korea nimeisikiliza, nikairudia. Umesema kura ya Novemba unaiacha, kwa sababu ile ya 2024 ilikufikia uchaguzi umeshapita na washindi wameshatangazwa. Umesema pia, kama kweli serikali inataka askari wake wapige kura, mbona usipige kwa simu tu, kama tunavyotuma M-Pesa? Maneno yako yameniingia. Nilitaka kukujibu papo hapo kwa sauti, nikaona nitaropokwa, bora nikuandikie.

Nianze na hilo la kuchelewa, maana lina dawa. Mwaka ule uliomba karatasi ya kura ije kwa posta, na anwani uliyotoa ilikuwa ya kambi uliyokwisha kuhama. Bahasha ikakufuata bara hadi bara. Lakini ile fomu ya FPCA uliyoijaza, ya kuomba karatasi ya kura, ina sehemu inayokuuliza unataka karatasi ikufikie vipi: kwa posta, kwa faksi, au kwa barua pepe na mtandao. Ukichagua barua pepe, kaunti inakutumia karatasi tupu, unaifungua huko huko kambini Camp Humphreys, unaichapa, unaijaza kwa kalamu. Ile safari ya kuja, ambayo ndiyo iliyokula kura yako, inakwisha kwa dakika moja. Inabaki safari ya kurudi peke yake.

Na hii si hisani ya karani fulani mwenye moyo mzuri. Ni sheria. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kura za wanajeshi, familia zao, na raia wote wanaoishi nje ya nchi. Baadaye, Oktoba 2009, Rais Obama akatia saini nyongeza yake, ile wanayoiita MOVE. Hiyo ndiyo iliyoyabana majimbo: karatasi za kura zitumwe angalau siku 45 kabla ya uchaguzi wa kitaifa kwa kila aliyeomba mapema, na kila jimbo liwe na njia ya kumfikishia mtu karatasi hiyo kwa mtandao akitaka. Ikasema pia kwamba kura isikataliwe kwa sababu haina muhuri wa wakili, wala kwa sababu ya ukubwa au uzito wa karatasi. Wewe hapo Korea utachapa kwenye A4, wao huku karatasi yao ni fupi na pana kidogo. Hilo lisikutie hofu, haliruhusiwi kuiangusha kura yako.

Fikiria ilichukua muda gani kufika hapo. Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuwapa askari kura wakiwa vitani. Ilitoka Septemba, uchaguzi ni Novemba, na wavulana wako Pasifiki na Uingereza. Katika mamilioni waliovaa sare, waliopiga kwa sheria ile walikuwa elfu ishirini na kitu tu. Watu walikufa hawajawahi kuulizwa wanamtaka nani. Ninapokusikia ukisema unaiacha, ndio hao ninaowafikiria.

Sasa hili la simu. Nalielewa sana, maana sisi tumelelewa na M-Pesa. Mama zetu hawajui benki lakini wanajua kutuma na kupokea. Ila angalia kinachoifanya M-Pesa iaminike. Ukituma, unapata ujumbe. Aliyepokea anapata ujumbe. Ukikosea namba unapiga simu, wanaona jina lako, jina lake, kiasi na saa, wanairudisha. Kila mmoja anajua nani kampa nani nini. Kura ni kinyume chake kabisa: hakuna anayetakiwa kujua wewe umempa nani. Basi ikibadilishwa njiani, nani atakayeligundua hilo? Wewe umebonyeza jina moja, huku limefika jingine, na kwa kuwa ni siri hakuna wa kuwauliza.

Na hayo si mawazo yangu ya jikoni. Mwaka 2010 jiji la Washington lilitengeneza mfumo wa watu walio nje kupiga na kurudisha kura kwa mtandao. Kabla ya kuutumia wakawaambia watu wote: jaribuni kuuvunja. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan, Alex Halderman, na wanafunzi wake, waliingia ndani ya saa 48. Wakabadilisha kila kura iliyokuwemo. Waliweza hata kutazama kamera za chumba cha sava. Wakaweka wimbo wa chuo chao ucheze kila mtu anapomaliza kupiga kura, na bado wahusika walikaa karibu siku mbili za kazi kabla ya kugundua kwamba wameingiliwa. Mfumo ule ulifutwa kabla ya uchaguzi wenyewe. Kilichobaki cha mtandaoni kikawa kupakua karatasi tupu. Jeshi lenyewe lilishapita njia hiyo: mwaka 2004 Wizara ya Ulinzi iliuzima mradi wake wa kura za mtandao, baada ya wataalamu wanne wa kompyuta kuandika wazi kwamba haulindiki.

Kwa hiyo kuna tofauti kubwa kati ya karatasi kuja kwa mtandao na kura kurudi kwa mtandao, na watu wengi wanayachanganya. Karatasi tupu ikija, haina siri ndani yake. Mtu akiichezea, utaiona kwa macho: jina limekosekana, chama kimegeuzwa, unawapigia kaunti. Ikishajazwa ndio inakuwa kitu kingine. Mwaka 2020 idara za usalama za serikali kuu, FBI ikiwemo, ziliyaandikia majimbo hivyo hivyo: kutuma karatasi tupu kwa mtandao hatari yake ni ndogo, kurudisha iliyojazwa hatari yake ni kubwa. Yapo majimbo mengi yanayoruhusu hata hivyo kurudisha kwa barua pepe au faksi, hasa kwa askari, na simlaumu aliye mahali ambapo posta haifiki. Minnesota haimo. Huku karatasi inakuja kwa mtandao ukitaka, lakini kurudi ni lazima irudi karatasi yenyewe.

Wewe utaniambia ni usumbufu. Mimi naona ni heshima, na nadhani ukikumbuka uchaguzi wa Kenya wa 2017 utaniunga mkono. Unakumbuka "fungua sava"? Nchi nzima inapiga kelele ifunguliwe sava, Mahakama ya Juu inaamuru wataalamu waruhusiwe kuiona, tume haitii ipasavyo, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukafutwa. Siku zile nilijifunza kwamba kura iliyoko ndani ya mashine ni ya yule mwenye funguo za mashine. Karatasi unaweza kuitandaza mezani mbele ya watu wenye shuku na wote wakahesabu.

Na kuhusu meza hiyo nina habari ya kukupa, maana mwaka mmoja niliitwa kusaidia kazi za uchaguzi hapa kwenye kaunti. Sikuwahi kujua kinachoipata karatasi kama yako ikifika. Ile uliyoichapa mwenyewe haiingii kwenye mashine ya kuhesabia. Karatasi ni nyepesi, vipimo si vyake. Kwa hiyo wanakaa watu wawili wa vyama tofauti. Mmoja anasoma, mwingine anajaza karatasi rasmi vile vile ulivyojaza wewe, kisha wanabadilishana kukagua. Zote mbili, yako na nakala, zinapewa namba moja ili zikitafutwa zionekane pamoja. Jina lako halimo, kwa sababu bahasha yenye jina imeshatenganishwa mapema. Nilikaa na bwana mmoja mzee ambaye kisiasa hatukubaliani hata kwa salamu, na tulivyokuwa tukiangalia vile viduara vilivyojazwa kwa wino wa bluu, kalamu ya mtu aliyeko sijui Bahrain au Djibouti, alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Karatasi moja mpiga kura alikuwa amekwaruza pembeni ya kiduara, tukaijadili mpaka msimamizi akaja. Kura moja, Fatuma. Sijaona Mkenya yeyote asiyefarijika nikimsimulia hili.

Usiniambie kura moja haina kitu, maana jimbo letu ndilo la mwisho kuambiwa hivyo. Kiti cha seneti cha 2008, Al Franken na Norm Coleman: watu karibu milioni tatu walipiga kura, mshindi akapatikana kwa kura 312, tena baada ya kesi iliyokwenda mpaka mwisho wa Juni 2009. Na kilichobishaniwa zaidi mle mahakamani ni kura za posta zilizokataliwa kimakosa, za watu kama wewe ambao hawakuwepo kusimama kwenye foleni. Juzi 2024, kiti kimoja cha Baraza la Wawakilishi la jimbo kiliamuliwa kwa kura 14, na baraza hilo likagawanyika 67 kwa 67.

Halafu linganisha na kwetu. Mwaka 2022 Kenya iliweka vituo katika nchi 12, na hapa Marekani vilikuwa Washington, New York na Los Angeles. Mtu wa Minnesota akate tiketi ya ndege ya kwenda kujiandikisha, akate nyingine ya kwenda kupiga, na akifika anapiga ya rais peke yake. Duniani kote waliojiandikisha walizidi 10,000 kidogo tu. Siwasemi vibaya, kuanza ni kuanza. Lakini wewe umepewa kitu ambacho dada zako waliobaki Doha na London wangekipokea kwa mikono miwili, na ulikipata kwa jasho. Kiswahili chako cha Majengo ndicho kilichokuingiza jeshini, kwa ule mpango uliokuwa ukitafuta watu wa lugha. Ukala kiapo cha uraia siku zile zile unamaliza mafunzo, miguu imejaa malengelenge. Nilikuwepo. Ulilia mpaka kofia ikakaa upande.

Basi fanya hivi. Fomu ya FPCA ijaze sasa, usingoje Septemba. Ni ya kila mwaka, ile ya zamani haikusaidii. Iko kwenye tovuti ya FVAP, ofisi ya serikali kuu inayowasaidia askari na raia walio nje kupiga kura, na pale kambini kuna afisa wa kura kwenye kikosi chako ambaye ni kazi yake kukusaidia. Chagua barua pepe, na uandike ile unayoifungua kila siku, si ile ya kazini ambayo unasema hukataa viambatisho. Namba ya kitambulisho utakayoiandika kwenye fomu, iwe ndiyo hiyo hiyo utakayoiandika kwenye cheti kinachorudi na kura. Baba Nadia naye ajaze yake. Sheria inawahusu wenzi wa askari sawa sawa, asikae akidhani jina lako linamtosha.

Uchaguzi ni Novemba 3. Karatasi zinaanza kutoka katikati ya Septemba. Ukiipata, ijaze wiki hiyo hiyo na uipeleke kwenye posta ya kambi. Kwa uchaguzi mkuu askari walio nje hupewa lebo ya kutuma kwa haraka bila malipo, yenye namba ya kufuatilia. Iulizie kwa jina, maana wengine hawaitaji mpaka uulize. Huku Minnesota kura ihesabiwe ni lazima iwe imefika siku ya uchaguzi. Tarehe ya stempu haitakuokoa. Ikifika Oktoba na bado hujaona kitu kwenye barua pepe, usikae kimya: ipo karatasi ya akiba, FWAB, unaandika majina ya wagombea kwa mkono wako na kuituma. Ile halisi ikija baadaye, ijaze nayo uitume. Wao watahesabu moja. Na jimbo lina ukurasa wa kuangalia kama kura yako imepokelewa, usilale mpaka uuone.

Mwambie na Khadija, yule wa kule Nyali. Tangu arudi nyumbani anadhani mambo ya huku yamemwisha, na pasipoti ya Marekani iko kabatini. Naye ni raia aliye nje, fomu ni hiyo hiyo, na kura anaweza kuipeleka kwenye ubalozi kule Gigiri ikasafiri na mfuko wao. Ila kutoka Mombasa aanze mapema zaidi kuliko wewe.

Nadia nimemnunulia lile koti, nitalituma pamoja na simsim aliyoifunga Mama. Ukishatuma fomu nipigie, hata kama huku ni usiku wa manane.

Akupendaye,
Rehema